Upanga wa Kapteni

Siku moja kabla ya risasi za mapinduzi, baba alikuwa na wageni sebuleni na mimi nikimimina kahawa. Kwetu Unguja mgeni hakuondoka bila kupewa halua, kisha kahawa, kisha hadithi ya upanga uliotundikwa ukutani. Sisi watoto tuliisikia mpaka tukaichoka.

Upanga ulikuwa wa Mwingereza mmoja, kapteni wa manowari. Aliingia jeshi la majini angali mtoto, akapigana katika bahari ya Uchina, akapanda cheo polepole kwa sababu kwao hakuwa na mkubwa wa kumsukuma. Mwisho akaletwa pwani yetu kukamata majahazi ya watumwa, na babu yake baba akawa mkalimani wake. Homa ilimshika njiani kuja huku Maskati, Omani. Alifia mbele ya bandari, na kabla ya kufa akampa babu upanga. Baba alipofika hapo aliinua kidole.

"Watu wangapi waliachiwa huru kwa ulimi wa babu yangu!"

Wageni walisema mashallah, wakaondoka.

Asubuhi yake tuliamka na milio. Redio ilizungumza kwa sauti tusiyoijua, ikataka kila mwenye silaha aisalimishe. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema wenye bunduki wanaingia nyumba kwa nyumba.

"Baba Zuwena, utupe kisimani," mama alimwambia. "Wakiukuta, watakuua."

"Hii si silaha. Wakishajua upanga huu umefanya kazi gani, wataniacha."

Baba hakuwa mkaidi kwa kawaida. Aliiamini hadithi yake, basi. Mimi kila mbwa aliyebweka nje nilidhani ndio wao.

Walifika kabla ya adhuhuri. Hawakupiga hodi.

"Karibuni," baba alisema. "Zuwena, lete kahawa."

Wenye bunduki walitazamana. Mkubwa wao, kijana mpole wa sauti, akaketi. Nilimpa finjani, akaipokea kwa mkono wa kulia kama mtu aliyelelewa vizuri.

Baba akautungua upanga.

Nilitaka kupiga kelele aurudishe. Alianza tangu Uchina, akaja kwenye majahazi, akafika kwenye homa. Kijana alisikiliza yote, wala hakumkatiza. Nikaanza kupumua.

"Na hao walioachiwa," aliuliza, "walipelekwa wapi?"

"Wengine walishushwa hapa hapa Unguja."

"Wakafanya kazi kwa nani?"

Baba alinitazama. Miaka yote ile hakuna mgeni aliyemuuliza. Tulikuwa na shamba la karafuu, na wazee waliotuchumia walikuwa wajukuu wa watu walioshushwa na manowari. Sote tulilijua hilo. Halikuwamo katika hadithi.

"Bibi yangu alikuwa mmoja wao," kijana alisema.

Akaitikisa finjani, kama afanyavyo mgeni aliyetosheka, akanirudishia.

"Mzee, twende. Na upanga uchukue."

Baba alitoka na kanzu yake ya nyumbani. Hatukumwona tena. Mama aliuliza kila mahali, akachoka, na tulipopata nafasi tukaja Maskati na tulichoweza kubeba.

Sasa nakaa Ansab, hapa hapa Maskati, na nimeshakuwa bibi. Mwaka huu mwanangu alinichukua kwa boti kutoka kijiji cha wavuvi cha Sidab mpaka kwenye ghuba ndogo walikozikwa mabaharia wa Kiingereza. Tukalipata kaburi la Kapteni. Jiwe limelika na chumvi, lakini jina linasomeka, na cheo chake, na manowari yake. Niliona wivu, nasema kweli. Mtu kafia ugenini, hana hata ndugu mmoja hapa, na bado anajulikana alipolala.

Yule kijana sijamsamehe. Lakini swali lake ni la haki, na baba alikufa hajalijibu. Nimeishi na yote mawili, na moja halijalifuta jingine.

Niliinua mikono nikaanza kusoma Fatiha. Mwanangu akanigusa bega.

"Mama, huyu si Muislamu."

"Nnajua, mwanangu. Nnamsomea babu yako. Nikamsomee wapi pengine?"