Syokau na Masomo ya Jumatano

Kuna watu ambao sufuria ikiungua huisugua tu, yakaisha. Syokau wa Makongeni, Thika, hakuwa wa namna hiyo. Sufuria ikiungua kwake, aliona somo. Siku mumewe Maluki aliposinzia maharagwe yakiwa mekoni, Jumatano iliyofuata ushirika mzima wa akina mama ulisikia habari za wanawali walioishiwa mafuta, na kwa mwezi mmoja Maluki hakupita dukani bila kuulizwa kama ameamka.

Masomo hayo yalimjia kazini. Syokau huchambua makadamia kiwandani. Karanga hupita mbele yake kwenye mkanda, nyeupe, nyeupe, kahawia, nyeupe, na mikono yake hutoa zilizoharibika bila kuulizwa, kwa hiyo akili hubaki bure. Akishauzoea mvumo wa mashine, sauti za wenzake huenda mbali na nyumba yake humjia kama ndotoni. Humwona mjukuu wake Ngendo akikataa kuuachilia mkono wa baba yake langoni mwa shule. Humwona Maluki akipuliza uji ambao tayari umepoa. Vitu hivyo vilikuwa na mwanga ndani yake, na Syokau alimwona Mungu mle bila kujilazimisha. Hilo tusimnyang'anye. Kosa lake halikuwa macho, lilikuwa mdomo.

Mwezi wa tatu binti yake Carolyne, mamake Ngendo, aliyeolewa na Bedan na kuishi Membley, kule Ruiru, alimpigia simu akilia. Mimba ya miezi mitano ilikuwa imetoka. "Mum, usiambie mtu," alisema. "Hata mamake Bedan sijamwambia." Syokau alilia naye mpaka simu ikaisha chaji. Siku mbili baadaye ikawa Jumatano.

Hakusengenya. Kusengenya ni dhambi, na Syokau anaijua. Yeye alileta ombi la maombi, na waumini wenzangu wanajua kwamba hakuna njia fupi kuliko hiyo kati ya siri na masikio ya watu. Alianza na mbegu inayoanguka ardhini, akamalizia na jina la binti yake. Wanawake kumi na wanne walilia. Emmaculate, mwenyekiti wao, akaliandika ombi kwenye grupu la WhatsApp ili hata ambao hawakufika waombe. Mmoja wa ambao hawakufika alikuwa binamu ya mamake Bedan. Kabla jua halijatua, mama mkwe alishampigia Carolyne kumpa pole, pole ya baridi ya mtu aliyeambiwa mwisho.

Carolyne alimtumia mamake ujumbe mmoja: "Kumbe mimi pia ni somo." Baada ya hapo hakushika simu za mamake tena, kwa miezi minne.

Miezi hiyo karanga zilipita mkandani zikiwa karanga tu. Syokau hakuona kitu. Aliogopa kwamba mtoto mmoja amekufa na yeye amempoteza na huyu aliye hai, na hofu hiyo hakumweleza hata Maluki.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba alikwenda Membley bila kualikwa, na mfuko wa mbaazi mbichi kutoka kwa dada yake anayeishi Matuu. Askari wa geti alipiga simu ndani, akasubiri sana, kisha akafungua. Carolyne alisema "Karibu" kama anavyokaribishwa mtu wa kusoma mita. Lakini alileta sinia, akaketi, na wote wawili wakaanza kupukuchua.

Nje kulikuwa na manyunyu. Mapaa ya Membley, yote yanayofanana, yalipotea moja moja kwenye ukungu mpaka ikawa kana kwamba hawapo Ruiru wala mahali popote, na Carolyne ana miaka sita, vidole vimeshika rangi ya kijani. Ndipo somo likaja. Ganda, na mbaazi zilizofichwa ndani yake zikijulikana na Mungu tu. Lilikuja kamili, na andiko lake. Syokau akaung'ata mdomo.

"Umeshapata somo," Carolyne akasema bila kuinua macho.

"Nimepata."

"Sema basi."

"Sitaki. Carol, nilikukosea. Nilichukua kilio chako nikakipeleka kule nisifiwe. Nisamehe."

Carolyne alimaliza ganda moja, la pili, la tatu. "Nilikuambia sababu wewe ni mum wangu, si juu wewe ni mwalimu," alisema. "Na kuna kitu sikuwa nimekuambia. Alikuwa msichana."

Ilimchukua Syokau muda kuelewa. Kwa akina Bedan, ambao ni Wakikuyu, jina la mtoto halitafutwi. Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na ndiye huyo Ngendo. Wa pili hupewa la nyanya yake mzaa mama. Nao hawasemi kwamba anamkumbusha nyanya. Husema ni nyanya mwenyewe, amezaliwa tena.

"Tulikuwa tumeshaanza kumwita," Carolyne akasema. "Bedan akitoka job anauliza, Syokau ameshindaje? Ilikuwa ni wewe, mwaitu."

Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba, na Carolyne hakuwa amemwita hivyo tangu aolewe. Walilia pamoja, kichwa kwa kichwa juu ya sinia, na mbaazi zikabaki hapo mpaka Ngendo alipokuja kuzitawanya.

Jumatano walikutana kwa Emmaculate. "Mama Carol, leo ni wewe," Emmaculate akasema. "Umetunyima masomo siku nyingi."

Alikuwa nalo. Katika miaka yake tisa ya kutoa masomo hakuwahi kupata kubwa kuliko hilo, na alijua lingewaliza wote. Lilikuwa ulimini, limeiva.

"Leo sina," akasema.

"Na Carol je? Tumwombee nini hasa?"

"Mwombeeni kama mnavyowaombea wote."

Mtu mmoja akaanzisha wimbo, juu mno kama kawaida yao, wengine wakaufuata. Syokau alifumba macho, na katikati ya sauti hizo aliliita jina lake mwenyewe moyoni, mara moja, polepole, kama mama anavyomwita mtoto aingie ndani mvua ikianza.