Maikrofoni Isiyosikia Kikohozi

Sauti ya Viola Aoko mnaijua, hata kama jina hamlijui. Ndiyo inayowaeleza wakulima redioni wapande mbegu gani. Watu hudhani ana studio. Studio gani? Ni chumba kimoja Ruiru, nguo zimetundikwa kuizunguka meza ili kuzuia mwangwi, naye kajifunika blanketi kama mtu anayejifukiza mafua.

Nyuma ya pazia kuna Boaz, mumewe. Miaka ya kiwandani ilimwachia kifua kibovu, na hukohoa kutwa. Maikrofoni ya kwanza ya Viola ilinasa kila kitu, kwa hiyo kila alipoiwasha, Boaz alivaa koti na kwenda kukaa uani, bila kuombwa. Baridi ya Julai ilipoingia, Viola akawa anasoma matangazo huku akimwona dirishani, mikono ameitia kwapani. Roho ilimuuma. Akaapa kwamba atapata maikrofoni nyingine au ataiacha kazi yenyewe.

Akaenda Thika, dukani kwa Kajal. Kajal alimtolea moja inayometameta.

"Chukua hii, madam. Studio kubwa ndiyo zinatumia. Inashika hata pumzi."

"Hiyo ndiyo sitaki," Viola akasema. "Nipe kiziwi kidogo. Isikie mdomo wangu tu."

Kajal alicheka, lakini alipoelezwa habari za Boaz akairudisha ile kabatini. Akatoa nyingine, nyeusi, ya bei nafuu, kama zile za wahubiri wa sokoni. "Hii unaongea nayo karibu. Ya nyuma haijali." Wakarekodi jaribio: Viola akasoma tangazo, Kajal akasimama nyuma ya maikrofoni akikohoa kwa bidii mpaka wateja wakamwonea huruma. Waliposikiliza rekodi, kikohozi kilikuwa kimefifia kabisa.

Asubuhi iliyofuata Boaz alikuwa ameshavaa koti na viatu.

"Rudi kitandani," Viola akamwambia.

"Nitakuharibia kazi, mama."

"Nimesema rudi."

Akasoma tangazo zima. Mwanzoni alimsikia akijizuia, kisha akikohoa, kisha yeye mwenyewe akazama kazini. Alipovaa hedifoni kujisikiliza, alisikia sauti yake peke yake, safi, kama ya mwanamke anayeishi pasipo mtu. Ndicho alichokitaka, lakini ilimtisha, kama vile Boaz hayupo tena duniani. Alizivua upesi akafunua pazia.

Boaz alikuwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka. Viola akaketi ukingoni mwa kitanda, akamvua viatu.