Gari Lililokula Mahari Yangu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku lile gari jeupe lilipoingia uani kwetu Mwamkulu, miaka ile ya tisini, watoto wakilikimbilia na mbwa wakibweka, nami nimesimama mlangoni mwa zizi na ndoo ya maziwa mkononi. Umekuja kuniambia umeona gari mjini Mpanda, zuri, limetumika kidogo tu, na unataka nikuombee. Nitakuombea. Lakini kaa kwanza, maana dua peke yake haiwashi injini.

Wakati ule nilikuwa mchumba wa mtu. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wamekwisha kuletwa kutoka Kasansa, nami nilikuwa nikiwakamua mwenyewe. Kwetu sisi Wasukuma tuliohamia huku na mifugo, ng'ombe wa binti si wa kutambia. Kaka yake anaweza kuwaolea, sawa, lakini wawe mahali wanapojulikana, kwa sababu binti akiteswa huko alikokwenda, hao ndio wanaomrudisha nyumbani. Mume akisharudishiwa ng'ombe zake hana neno tena. Wasipokuwepo, binti anabaki huko huko.

Kaka yangu Masanja alikuwa na maneno matamu. Akamwambia baba, "Ng'ombe wanakufa kwa ugonjwa wa ndigana kila mwaka, baba. Gari halili majani, halichungwi, halishikwi na kupe. Siku za treni nitabeba abiria wa stesheni, Jumapili tunaenda wote kanisani."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anapepeta mpunga. "Halili majani," akasema, "lakini litakula ng'ombe."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

Mwenye gari alikuwa mchuuzi wa kupitapita, alilileta kwa treni kutoka Tabora, na hakutaka fedha, alitaka ng'ombe. Gari lenyewe, nisiseme uongo, lilikuwa zuri. La milango minne, la kubeba familia, lakini limeundwa kama la mashindano: limeinama chini, nyuma lina kibawa, rimu zinang'aa mpaka unajiona meno. Masanja alilizunguka mara nyingi hata nikaona kizunguzungu mimi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani angemwambia?

Sasa nikueleze habari za baba, na hapa ndipo ninapoumia. Mnadani baba alikuwa anaogopwa. Hanunui fahali mpaka amfungue mdomo aone meno, amvute ngozi, amtembeze kwenye mteremko, achungulie hata kinyesi chake. Wachuuzi wakimwona anakuja wanaficha wagonjwa wao. Lakini siku ile, mbele ya gari, aliweka mikono mgongoni kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Hakuuliza kitu. Aliogopa kuonekana mshamba. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na mficha uchi hazai, hilo nalo tunalisema. Baba aliyajua yote mawili, akanyamaza.

Tukamkaribisha mgeni ugali na kuku. Akala, akanawa, akapiga soga, na muda wote huo gari linanguruma uani, boneti juu, eti tuone injini ilivyo safi. Bibi akaweka ungo chini.

"Mgeni mbona hazimi gari lake? Au bado hajafika?"

"Bibi, magari ya siku hizi ndivyo yalivyo," akasema Masanja.

"Mimi ng'ombe nisiyemwona akiinuka alfajiri simnunui. Akishainuliwa, hata mgonjwa husimama. Mwambieni azime, alale hapa, tulione likiamka."

Mgeni akatabasamu, akasema treni haimsubiri mtu. Baba akamgeukia bibi kwa upole wote, "Mayu, haya ya gari tuachie sisi." Ndivyo Msukuma anavyomwita mama yake, mayu, na baba alilitamka vizuri sana, kwa heshima, huku akiniuza bila kujua.

Jioni ile ng'ombe wangu waliswagwa kwenda stesheni. Yule mwekundu, aliyenizoea, alikataa kutoka zizini, wakamchapa.

Asubuhi Masanja akawasha. Gari likakohoa, likanyamaza. Likasukumwa na nusu ya kijiji mpaka likashika, likatoa moshi mweupe hata hatukuonana. "Baridi tu hiyo," akasema. Baadaye fundi wa mjini alifungua kifuniko cha oili, ndani kumeganda utando wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yakiingia kwenye oili tangu zamani. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda, na mwenye gari alijua, ndiyo sababu hakuthubutu kuzima likapoa. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia mchana kweupe, kwetu wenyewe, na kuku tukampa.

Likatiwa viraka, likanipeleka harusini Kasansa. Tulipofika Sitalike likachemka. Nilishuka na gauni langu jeupe nikachota maji mtoni kwa kidumu, viboko wakinitazama, Masanja akipepea rejeta kwa kofia yake. Wenzangu walicheka, nami nilicheka. Tulimalizia safari juu ya trekta la watu.

Ya Kasansa sitakusimulia yote. Mume wangu alikuwa mtu wa watu akiwa kilabuni, akiingia ndani anakuwa mwingine. Hivi vidole vyangu vya mkono wa kushoto umeviona kila siku tangu nilipoanza kukulea, havikunjiki, hukuwahi kuuliza, na umefanya vizuri. Siku aliyonivunja vidole hivi ndiyo niliyopanda lori la mpunga usiku haujaisha, nikarudi kwetu.

Nilikuta gari liko juu ya magogo, halina magurudumu. Ng'ombe wengine wa baba walikuwa wamelifuata mmoja mmoja, huyu kwa ajili ya hedi, huyu kwa ajili ya giaboksi, mpaka zizi likaota majani. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Masanja alikuwa ameondoka kwenda upande wa Ziwa Rukwa kuchunga ng'ombe za watu, na hadi leo hatujamwona. Baba alinitazama mkono, akatazama chini. Nikamwambia, "Baba, nimerudi."

Akaonyesha gari kwa kidevu. "Ng'ombe zako ndio wale pale, mwanangu."

Mume wangu akaja na wazee wake. Hakugomba. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Nipeni ng'ombe zangu, abaki kwenu." Baba yangu, mtu aliyekuwa akiogopwa mnadani, aligeuka akatazama zizi tupu. Nilipoona hivyo nikainuka mwenyewe, nikajifunga khanga, nikatangulia barabarani kurudi Kasansa. Nilikaa Kasansa mpaka mume yule alipokufa, na nilipotoka huko ujana ulikuwa umeisha. Nani nimdai? Baba alikuwa kaburini. Tangu siku ile niliyodaiwa ng'ombe hakukanyaga mnadani tena mpaka akafa.

Basi sikiliza, mwanangu. Gari unalolitaka, lifuate lilikolala, ufike kabla mwenyewe hajaligusa. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, aga, sema utarudi kesho. Liwake mbele yako likiwa la baridi, utazame moshi, kisha lizimwe na liwashwe tena likiwa la moto. Fungua kifuniko cha oili, na cha rejeta kabla halijawashwa. Inua zulia unuse kama liliwahi kulowa. Tazama pedali ya breki: raba ikiwa imelika na kilomita zinasema gari ni changa, mmoja wao anadanganya, na si pedali. Halafu lipeleke kwenye barabara yetu yenyewe, siyo kipande cha lami, maana gari lenye tumbo chini halijui masika ya huku, na kibawa cha nyuma hakijawahi kumtoa mtu kwenye tope. Nenda na fundi asiyefahamiana na muuzaji. Ukiitwa mshamba, itikia.

Na likikupendeza kupita kiasi, rudi nyumbani ukalale kwanza. Chochote utakachokitoa kulinunua, uliza kwanza kinamngoja nani. Pengine unakiona kimekaa bure zizini, kumbe ndicho njia ya mtu ya kurudi nyumbani.

Sijui kama utanisikia. Baba alimsikia bibi kwa masikio yote mawili, na haikusaidia. Lakini nimesema, na wazee wangu walionitangulia wameshuhudia.

Sogea nikuwekee mkono kichwani, huu wa kulia. Mungu akufikishe uendako na akurudishe. Akupe macho ya kutazama na ulimi wa kuuliza. Na siku binti yako atakaposimama mlangoni kwako amevunjwa, mwanangu, Mungu akujalie uweze kumwambia, "Ingia."