Moshi wa Nyanya Mdakota

Kitita chake nilikikuta kwenye pipa la taka, chini ya glavu. Majani makavu, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Nikajua papo hapo ni kazi ya nani.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, nami nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza huko ng'ambo, mji wa Inver Grove Heights. Mwenye kitita alikuwa nyanya Mdakota, watu wake wenyeji wa ardhi ile kabla mji haujapata jina. Sukari ilikuwa imemla mguu, na kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe hospitali ukakatwe. Alitaka jambo moja tu: ajifukize kwa moshi wa majani yale na kuomba kwa lugha yake, ile aliyochapiwa akiwa mtoto, katika shule walikomnyoa nywele pia. Bila hivyo, alisema, haendi popote.

Mkubwa wetu wa zamu, mama wa Kizungu, alikataa. Moshi marufuku. Halafu Mkenya mwenzangu, dada mlokole wa kesha za kanisani kila Ijumaa, akamalizia kwa kuyatupa majani.

"Huo ni uchawi, dada," akaniambia. "Siwezi kufanya kazi na mapepo."

"Uchawi! Na hiyo chupa ya mafuta ya upako unayozunguka nayo kwa mkoba, ni supu?"

Akanuna. Mimi nilikuwa nachemka. Kwetu Taita, nyanya yangu mzaa mama alikuwa na desturi ya kutasa: anapiga funda la maji, anayapuliza yawe manyunyu huku akitaja uchungu ulio moyoni, utoke, na mgonjwa apone. Wamisheni wakamwambia ni ushetani, wakamnyima meza ya Bwana. Mama yangu akalelewa kumwonea haya. Sasa huyu dada amevuka bahari kuja kuwafanyia wamisheni kazi yao, tena bure! Mkataa kwao mtumwa, nikamwambia, na sijamwomba radhi hadi leo.

Nikayakung'uta majani, nikamvika nyanya koti langu, nikasukuma kiti chake hadi nje ya mlango wa nyuma, pale wafanyakazi wanapovutia sigara kila siku na hakuna anayesema neno. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Akawasha. Akauchota moshi kwa viganja, akajipaka kichwani, kifuani, kisha kwenye ule mguu, polepole, akiuaga. Maneno yaliyombakia hayakuwa mengi. Akayarudia yale yale. Nililia, wacha niseme ukweli. Kisha nikapiga funda la chai kutoka kwa chupa yangu, nikatasa juu ya theluji, nikamtakia uzima kwa Kitaita. Hakuniuliza ni nini.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mkubwa wa zamu.

"Nani amewaruhusu kufanya mambo haya hapa?"

Nilikuwa nafungua mdomo, nyanya akanishika mkono. Akamtazama yule mama kuanzia juu hadi chini.

"Na nyinyi," akasema, "nani aliwaruhusu kuja hapa?"