Dibaji ya Mheshimiwa

Wakala wetu wa vitabu ulikuwa chumba kimoja mtaa wa Lubaga, huku Uganda, juu ya duka la magodoro. Tulikuwa wawili tu, madam mwenye wakala na mimi, msaidizi wake Mkenya, tukiwatafutia waandishi wachapishaji. Vingi tulivyopeleka vilikataliwa, nami nilishazoea.

Hiki sikutaka kikataliwe, wallahi. Kilikuwa historia ya chuki dhidi ya Wayahudi, kazi ya mwalimu mstaafu wa kutoka mashariki ya Uganda. Yeye mwenyewe ni Myahudi, Mwafrika kama mimi, na enzi za dikteta aliyepiga marufuku dini yao, yeye na wenzake walisali wamefunga madirisha. Presha ya macho ilikuwa inampofusha. Alitaka kitu kimoja tu: akione kitabu chake kimechapwa kabla giza halijamfikia.

Mchapishaji alikubali, kwa sharti la dibaji ya mkubwa, maana bila mkubwa shule hazinunui. Madam akampata mheshimiwa mmoja. Dibaji ilipofika mzee alikuja ofisini, nikamsomea kwa sauti, madam yupo mezani kwake. Wayahudi ni watu wa akili, aliandika mheshimiwa, wameshika benki zote na wanaendesha serikali za dunia kimyakimya. Waafrika tuwaige!

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akaniambia nirudie, nikarudia.

"Huo ndio uongo wa sura ya nne," akasema. "Nimeuandikia sura nzima."

Nikamgeukia madam nikiwaka. "Hii tuitoe."

"Nyabo, bibi wewe, mbona unajisumbua? Si amewasifu? Na bila dibaji hakuna kitabu, unajua."

"Sura ya nne umeisoma?"

"Nimeihariri mwenyewe. Nzuri sana."

Hakuwa anatania. Mzee hakupandisha sauti. Aliniomba nimsomee madam sura ile, polepole, labda ataisikia.

Nikasoma. Jinsi watu walivyoambiwa jirani yao ana nguvu za siri, jinsi walivyomsifia akili hizo mchana, kisha siku mambo yalipoharibika wakaenda kumchomea nyumba. Madam alikuwa ameacha kazi yake, anasikiliza kwa makini, anaitikia kwa kichwa kila ukurasa, na mimi mjinga nikaanza kupata matumaini.

Nilipomaliza alifuta machozi. Machozi ya kweli.

"Maskini, watu hawa wameteseka," akasema. "Sasa unaona? Na benki zote hizo, bado wanaonewa."

Mzee alinyoosha mkono kuelekea sauti yangu, akaomba karatasi zake, arudi nazo nyumbani.