Kruzi Isiyoona Mbele

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, shemeji yangu alifika Buruburu kuchukua gari la marehemu mume wangu kwa niaba ya ukoo. Nilimwambia kwamba ufunguo sitautoa. Akaomba kulijaribu tu, nami nikiwa kando yake. Nilikubali kwa sababu sikutaka aende kusema kwamba naogopa.

Gari lake mwenyewe lilikuwa jipya, lenye kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo bila mguu, tena inayoona mbele: likikaribia gari jingine, hupunguza mwendo lenyewe. Letu lina kruzi ya zamani. Ukiipa kilomita themanini itashikilia themanini, hata kama mbele pana ukuta. Nilimweleza hivyo tukirudi kupitia Barabara ya Thika, alipobonyeza kitufe cha kruzi na kuukunja mguu chini ya kiti.

"Kumbe kule ngumbaru walikufundisha hata gari, shemeji?" akacheka.

Ni kweli niliingia ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na miwili.

Mbele yetu, pikapu iliyobeba mbuzi wa kupelekwa machinjio ya Kiamaiko ilipunguza mwendo ili iingie Barabara ya Outering.

"Breki!"

"Tulia. Litajipunguza."

Niliivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likazunguka, likaivaa pikapu ubavuni. Vioo vilitumwagikia mapajani. Mbuzi mmoja alirushwa juu ya boneti, uti wa mgongo umevunjika, akapiga mateke mpaka akanyamaza. Wenye mbuzi wakamvuta shemeji nje kwa ukosi wa shati na kumshushia fimbo zao za kuswagia mbuzi. Niliisikia pua yake ikivunjika.

Nikajitupa kati yao. Fimbo moja ikanipasua paji la uso.

"Toka hapo, mathe! Huyu mlevi tunammaliza!"

"Hajalewa. Gari ni langu, na mbuzi nitamlipa mimi. Kama ni kupiga, malizieni kwangu."

Waliitazama damu iliyonijaa machoni, wakashusha fimbo.

Niliendesha mwenyewe hadi nyumbani, boneti ikiwa imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Shemeji alikaa kando yangu, leso puani. Kila gari la mbele lilipopunguza mwendo, mguu wake ulikanyaga sakafu kwa nguvu, mahali pasipo na breki.

Tulipofika nilichomoa ufunguo, nikautia kifuani. Hakuuomba.