Chumba Kisicho na Zimwi

Enzi za foleni za unga, mdogo wangu aliangukiwa na gunia akishusha mzigo Kariakoo, mguu ukavunjika. Akarudi na plasta kuanzia pajani hadi kisiginoni. Siku nzima alilala kwenye mkeka uani, na haikupita wiki alikuwa ameshagombana na kila mpangaji.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika karakana moja ya Gerezani. Nikamwomba bosi stensili zilizoharibika, zile karatasi za nta za mashine ya kurudufia.

"Za nini?"

"Nimchoree mgonjwa mchezo, mzee."

Akanipa, pamoja na karatasi zilizochapwa upande mmoja.

Nikachora pango: vyumba, njia nyembamba, mashimo, joka, zimwi. Nilikwaruza polepole kwa kalamu ya chuma, maana stensili ikichanika wino huvuja. Kisha nikarudufu nakala kadhaa, kwani kila mchezo ulijaza ramani alama. Mdogo wangu ndiye alikuwa mwenye pango. Ramani aliishika yeye, akatuambia tunachokiona. Sisi, mimi na wapangaji wenzetu, tulichagua pa kwenda, tukarusha dadu kujua kama tumepona.

Mama wa chumba cha pili, aliyefiwa na mumewe miezi michache nyuma, alizoea kukaa pembeni akichambua mchele. Siku moja akasema naye anaingia. Akamkwepa joka, akanusurika shimoni, halafu akaweka dadu chini.

"Mama, unaenda kulia au kushoto?" mdogo wangu akauliza.

"Nimechoka, mwanangu. Humu hamna mahali pa kukaa?"

Hapakuwa na mahali. Mdogo wangu akanitazama.

Kesho yake nikachora pango jingine, lenye chumba kitulivu, mkeka na kisima. Kiduara cha kisima kikakatika na kudondoka kutoka kwenye stensili, wino ukavuja, kisima kikatoka doa jeusi tupu. Mdogo wangu akasema niache hivyo hivyo, kisima kirefu ndivyo kilivyo.

Mama alipokifikia chumba hicho, akakaa. Wenzake wakasonga mbele kupambana na zimwi kwa makelele. Kila zamu yake ilipofika alisema, "Mimi nipo tu." Mdogo wangu, ambaye hakuwa na subira na mtu, hakumharakisha. Akamwuliza maji yakoje.

"Ya baridi," akajibu. Akaanza kutusimulia kisima cha kwao Lindi, alipoonana na mumewe mara ya kwanza. Tangu msiba hatukuwahi kumsikia akimtaja.

Plasta ilipotolewa, mdogo wangu akarudi kazini. Mama akawa ndiye mwenye pango, na alitushinda sote kwa ukali. Zimwi lake halikumwonea mtu huruma.